KUMTETEA MTOTO MTUKUTU SHULENI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama, na kupigwa chapa hapa kwa maombi ya wale ambao hawakupata kuhudhuria.)



Bwana Katibu aliponiandikia kuniomba niseme neno juu ya malezi, nilitaka kukataa, maana mimi si mwalimu wala si daktari. Mimi ni karani, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea barua, kuziandika daftarini, na kuziweka mahali zitakapoonekana zikitakiwa. Walakini nilipofikiri zaidi niliona kuwa jambo kubwa nililojifunza juu ya mwanangu nalijifunza kwa njia ya kazi hii hii. Tena niliona kuwa huenda wengi kati yetu wana mtoto wa namna ile nyumbani, nao huona haya kumtaja. Basi nitamtaja wa kwangu, ili wengine wapate moyo wa kuwataja wao.

Mtoto huyo ni kijana wangu wa tatu. Jina lake sitalisema, kwa kuwa sasa amekua, naye ana haki ya kulilinda jina lake. Shule yake sitaitaja pia, maana niliyoyaona pale yaweza kuonekana katika shule nyingi, wala sikuja hapa kumshitaki mtu.

Mwaka 2018 alikuwa darasa la 3, umri wake miaka 9. Alikuwa mtoto asiyejua kutulia. Ukimketisha, mguu hutikisika. Ukimtuma maji, hurudi na ndoo tupu na habari ndefu ya kenge aliyemwona njiani. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mkarimu kwa wadogo zake, na machozi yake yalikuwa karibu; lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko fikira zake. Shuleni alitoka darasani bila ruhusa, alijibu kabla ya kuulizwa, alirarua madaftari, na siku moja alimpiga mwenzake kwa rula hata akamtoa damu. Katika muhula mmoja nilipokea barua 4. Ile ya nne ilisema kuwa mtoto ameshindikana, na mzazi aje achague: ama amhamishe, ama Kamati ya Shule ikae juu yake.

Nilikwenda. Nami nataka niseme wazi jinsi nilivyokwenda, kwa sababu hilo ndilo kosa ambalo sitaki mwenzangu alirudie. Nilikwenda nimevaa nguo zangu za kazi, na moyo wangu umejaa aibu. Niliwaza, “Mimi mtumishi wa Serikali, mtu anayejulikana mjini, mwanangu anaitwa mshenzi!” Sikuuliza swali hata moja. Nilisema, “Mwalimu, nipe fimbo.” Nikamchapa mwanangu mbele ya darasa lake. Watoto wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Nilirudi ofisini nikidhani nimetimiza wajibu wa baba. Wiki ile ile kijana alitoroka shule siku 2, na siku ya pili tulimkuta gizani nyuma ya soko.

Usiku ule mama yake aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu. Alisema, “Baba watoto, jalada likipotea ofisini kwenu, je, humpiga tarishi kwanza, au hufungua daftari kwanza?”

Mabwana na mabibi, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani ndio tunaolijua neno hilo kuliko watu wote. Mtoto ni mali ipitayo mali zote, walakini wangu nilikuwa nampoteza bila habari. Nilikuwa na barua 4 zilizosema kuwa ni mbaya, wala hapana hata moja iliyosema ni saa ngapi, ni somo gani, na ni jambo gani lililotangulia. Kama karani mdogo angeniletea taarifa ya namna hiyo ningemrudishia.

Basi asubuhi nilinunua daftari, nikalipiga mistari kwa mkono wangu, nikafanya safu 4. Safu ya kwanza, tarehe na saa. Ya pili, lililotangulia. Ya tatu, alilolifanya mtoto. Ya nne, lililofuata. Masharti yake yalikuwa mamoja na ya ofisini: liandikwe lililoonekana kwa macho, wala si lile linalodhaniwa. Usiandike, “Alikuwa mkorofi.” Andika, “Alisimama mara 3 akaenda dirishani.”

Nikarudi kwa mwalimu wa darasa lake, mama mmoja mwenye subira. Neno langu la kwanza lilikuwa kumwomba radhi, kwa kuwa siku ile nalikuja na mkono badala ya kuja na masikio. Ndipo nilipotazama darasa vema. Mnakumbuka kuwa tangu Januari mwaka 2016, ada zilipoondolewa katika shule za Serikali, watoto walimiminika shuleni kwa wingi, jambo ambalo ni neema kwa nchi. Lakini kipimo cha Serikali kilikuwa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na mama yule alikuwa na watoto 94 peke yake. Nikamwambia, “Mwalimu, sikuongezei kazi. Nakuomba mistari michache tu kwa siku, na daftari nimekwisha kulipiga mistari mwenyewe.” Alisita kidogo, kisha akakubali kujaribu. Nasi nyumbani tuliandika vivyo hivyo jioni na siku za mapumziko.

Baada ya siku 20 za masomo tuliketi, yeye na mimi na mama yake mtoto, tukahesabu. Matukio ya shuleni yalikuwa 31. Katika hayo, 19 yalitokea wakati wa kunakili maandishi marefu ubaoni au wakati wa kungoja bila kazi. 7 yalitokea wakati wa kupanga mstari na kurudi kutoka mapumzikoni. Katika hesabu za kichwa, michezo na kazi za mikono yalikuwa 2 tu. Yaliyobaki 3 hayakuwa na mpango wowote. Mwalimu alishangaa, akasema, “Kumbe kuna saa ambazo ni mtoto mzuri!” Maneno hayo yalinitia nguvu, maana kwa mwaka mzima hapana mtu aliyepata kuniambia hivyo.

Lakini safu ya nne ndiyo iliyotufungua macho zaidi. Katika matukio 22 kati ya 31, lililofuata lilikuwa kutolewa nje ya darasa. Fikirini basi. Mtoto hawezi kustahimili kunakili, anafanya vurugu, anatolewa nje, kunakili kumekwisha. Sisi tulidhani tunampa adhabu, naye alikuwa akipata kile alichokuwa akikitafuta. Tulikuwa tukimfundisha utukutu kila siku, bila kujua.

Kisha tulimpeleka hospitali, na daftari letu kwapani. Hapa nataka niseme jambo ambalo wazazi wengi hulisahau. Kabla ya kumwita mtoto mkaidi, mpimeni masikio na macho. Asiyesikia vizuri huonekana hatii; asiyeona ubao huonekana hapendi kuandika. Ulizeni kama hula asubuhi, kama hulala ya kutosha, kama ana minyoo. Ulizeni kama huzubaa kwa nukta chache asijue aliko, maana kuna kifafa cha namna hiyo kisichomwangusha mtu, nacho hudhaniwa kuwa ni uvivu. Ulizeni tena kwa upole kama kuna mtu anayemwonea au kumtenda vibaya, ama kama kuna msiba au ugomvi nyumbani ambao wakubwa wanadhani mtoto hauoni.

Daktari alituuliza kama kijana alipata kuugua sana. Mama yake alikumbuka: alipokuwa na miaka 4 alipata malaria kali, akashikwa na degedege, akalala siku 2 bila fahamu. Daktari alitueleza kuwa uchunguzi uliofanywa Kilifi na Kampala umeonyesha ya kwamba malaria iliyoshika ubongo huweza kuwaachia baadhi ya watoto waliopona upungufu katika kujifunza, kukumbuka na kujizuia. Hakusema kwa hakika kuwa hiyo ndiyo sababu ya mwanangu. Alisema kuwa kijana ana hali ya upungufu wa makini pamoja na kutotulia.

Hali hiyo si uzushi wa siku hizi. Mwaka 1902 daktari mmoja wa watoto, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wasioweza kujizuia ingawa akili zao ni timamu. Tangu hapo imechunguzwa sana, na hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi mwaka 2007 zilionyesha kuwa huwapata watoto kama 5 katika kila 100. Katika darasa la watoto 94 hao ni kama 4 au 5. Walakini daktari hawezi kuithibitisha kwa kumtazama mtoto mara moja. Hutaka kujua kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, kama zilianza utotoni, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni. Alipoona daftari letu alisema kuwa limempunguzia kazi ya siku nyingi. Wala si kila mtoto mtukutu ana hali hiyo. Wengi ni watoto tu. Ndiyo maana hukumu ya jambo hilo iachiwe daktari, isiwe ya baba, ya mwalimu wala ya jirani.

Ikafika siku ya kuonana na Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule. Sikwenda na maneno mengi. Nilikwenda na karatasi moja, nimeandika pande zote mbili za mambo. Kwanza niliandika makosa ya mwanangu bila kuyapunguza. Yule mtoto aliyetolewa damu, nilikuwa nimekwisha kwenda kwao na kijana wangu, tukaomba radhi kwa wazazi wake na kulipa gharama za dawa. Nalisema hili kwa mkazo: kumtetea mtoto si kuficha kosa lake. Mzazi anayeficha kosa hasikilizwi akisema juu ya haki.

Kisha niliomba mambo 4. La kwanza, aketi mbele, karibu na meza ya mwalimu, mbali na dirisha. La pili, kazi ya kunakili akatiwe vipande, amalize mistari 5 aonyeshe, kisha aendelee. La tatu, kabla hajachoka kukaa apewe kazi ya kusimama: kufuta ubao, kugawa madaftari, kuleta chaki. La nne, asitolewe nje kwa sababu ya vurugu, bali arudishwe kwenye kazi ile ile hata kama ni kidogo. Na daftari liende nyumbani na kurudi kila siku likiwa na sahihi mbili, ya mwalimu na yetu.

Mjumbe mmoja wa Kamati, mzee ninayemheshimu, alipinga. Alisema, “Bwana karani, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tukimfanyia huyu mambo ya peke yake, watoto 93 watasemaje?” Neno lake halikuwa la upuuzi, nami sikulidharau. Nilimjibu, “Mzee wangu, mtoto wangu nimekwisha kumliza. Nilimchapa mbele ya watoto hao hao, akatoroka. Kama fimbo ingekuwa dawa, angalipona. Na mtoto mwenye mguu mbovu akipewa kiti, wenzake hawasemi kuwa amependelewa, kwa kuwa wanauona mguu. Wa kwangu ulemavu wake hauonekani. Ndiyo sababu nimewaletea daftari, ili mwuone.”

Nikawakumbusha, kwa adabu, mambo ya sheria. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika mambo yamhusuyo, tena yampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikukusudia kumfungia mtu huyo nje ya shule za kawaida. Na juu ya fimbo, Kanuni zilizotangazwa mwaka 2002 zilisema kuwa viboko visizidi 4, vitolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuiondoa fimbo mashuleni mwaka 2001. Sisi tulibaki nayo, lakini hata sisi hatukuiacha bila daftari.

Mwalimu Mkuu alifikiri, akakubali tujaribu kwa muhula mmoja. Mapatano yaliandikwa, tukatia sahihi sote, kila mmoja akachukua nakala yake.

Sasa mtadhani kuwa mambo yalinyoka. La, hayakunyoka. Katika wiki ya tatu mwalimu mwingine, aliyeingia kwa zamu asiyekuwa na habari ya mapatano, alimkuta kijana amesimama, akampiga viboko vingi mgongoni. Alirudi nyumbani na alama. Hasira niliyoipata siku ile sitaieleza. Ilikuwa mwaka ule ule wa 2018 ambao mwezi wa Agosti mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na Mahakama Kuu ikamtia hatiani mwalimu huyo mwaka 2019. Habari hiyo ilikuwa mioyoni mwa wazazi wote. Ndugu zangu walinishauri niende nikapigane. Rafiki mmoja alinishauri nipige simu kwa mkubwa fulani ili mwalimu ahamishwe.

Sikufanya hili wala lile. Tulimpeleka mtoto hospitali akatibiwa, na daktari akaandika alichokiona. Kisha nikaandika barua kwa Mwalimu Mkuu, fupi, yenye tarehe na saa. Niliambatanisha nakala ya mapatano, na nikaomba kuonyeshwa ukurasa wa kitabu cha adhabu wa siku ile. Nakala moja niliipeleka kwa Afisa Elimu Kata. Ukurasa haukuwapo, maana adhabu haikuandikwa. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwenye haki. Alikiri kuwa kanuni imevunjwa, akawaita walimu wote akawasomea mapatano, na akampa onyo yule aliyekosa. Mwalimu yule hakuniomba radhi, wala mimi sikudai. Nilichodai ni kuwa mapatano yafuatwe, nayo yakafuatwa.

Katika muhula uliofuata tulihesabu tena siku 20. Matukio yalikuwa 12. Si sifuri, lakini ni 12 badala ya 31, na mwalimu wake alisema kuwa katika hayo 12 hapana hata moja la kumwumiza mtu. Kuna miezi iliyorudi nyuma, hasa alipobadilishiwa mwalimu alipopanda darasa la 5. Ikatubidi kuketi na mwalimu mpya na kuanza tena tangu mwanzo. Mwaka 2022 alimaliza darasa la 7 kwa alama za kawaida, akaendelea na kidato cha kwanza. Hakuwa wa kwanza, wala sitawadanganya kuwa akawa mtoto mtulivu. Mguu wake ungali unatikisika mezani. Lakini yumo katika shule, ana rafiki, na mikono yake hutengeneza baiskeli za mtaa mzima. Barua ile ya nne ilikuwa imekwisha kumtoa katika hesabu.

Bwana Mwenyekiti, sasa niyakusanye maneno yangu, ili wenzangu wapate kitu cha kuchukua.

Kwanza, enendeni shuleni kabla ya kuitwa. Mzazi anayefika siku ya mashitaka tu huonekana kama mshitakiwa, naye husema kama mshitakiwa.

Pili, chukueni daftari. Tarehe, lililotangulia, alilofanya, lililofuata. Siku 20 zatosha kuonyesha njia. Na msiandike mabaya tu. Andikeni pia saa ambazo mtoto alikuwa mwema, maana humo ndimo mlimo dawa.

Tatu, msivae cheo mnapokwenda kwa mwalimu. Msitumie karatasi ya ofisi, muhuri, wala jina la mkubwa wenu. Mwalimu ni mtumishi kama sisi, na mara nyingi ana kazi nzito kuliko zetu. Ukimtisha atakuitikia mbele yako, na mtoto ndiye atakayelipa nyuma yako.

Nne, ombeni mambo machache yanayowezekana. Mwalimu mwenye watoto 94 hawezi kufanya mambo 20 kwa ajili ya mmoja. Anaweza kufanya 3 au 4, akijua sababu zake, na akiona kuwa nyumbani nanyi mnafanya yenu.

Tano, fuateni ngazi. Mwalimu wa darasa, kisha Mwalimu Mkuu, kisha Kamati ya Shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa Wilaya. Mambo ya kuumizwa au kuonewa yasingoje ngazi. Yapelekwe mara moja hospitali, kwa Afisa Ustawi wa Jamii na polisi. Tena ulizeni kama wilayani mna mwalimu aliyesomea elimu maalumu, maana Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, kimewafundisha walimu wa kazi hiyo, na wengine wamo katika shule zetu bila wazazi kuwajua.

Sita, mwulizeni mtoto mwenyewe. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Nilipomwuliza mwanangu kwa nini hutoka darasani, alinijibu, “Baba, maneno ya ubaoni yakiwa mengi, kichwa changu huwa kama soko.” Miezi yote ile hapana aliyemwuliza, wala mimi babaye.

Neno langu la mwisho ni kwa Chama. Sisi twajua kuandika barua. Twajua kusoma kanuni, na twajua kuwa barua isiyo na tarehe ni kama haikuandikwa. Lakini mtaani mwetu mna mama muuza vitumbua ambaye mwanawe ana hali ile ile ya mwanangu, naye akiitwa shuleni husimama mlangoni, hukunja kanga yake mkononi, na kusema, “Ndiyo mwalimu, mpigeni tu.” Hasemi hivyo kwa kutompenda mwanawe, bali hana neno lingine alilofundishwa kusema mahali pale. Mtoto wa karani akitetewa na wa mama yule akafukuzwa, basi tulichokipata si haki, ni upendeleo tu.

Kwa hiyo naomba Chama kitafakari jambo hili dogo: kila mwanachama awe tayari, mara moja kwa mwaka, kumsaidia mzazi mmoja asiyejua kuandika. Ampigie mistari ya daftari, amwandikie karatasi yake ya mambo 3 au 4, na akitaka, aende naye shuleni, aketi kando yake, na kumwacha aseme mwenyewe. Halihitaji fedha. Lahitaji saa chache na kalamu, navyo tunavyo. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Na mkono wenye kalamu nao ni mmoja katika mikono hiyo.

Mimi nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Walio na maswali wayaulize, na walio na mtoto kama wangu wasione haya kuniona baada ya mkutano. Nitakuwa karibu na mlango, nami nimekuja na madaftari 6 yaliyokwisha pigwa mistari.